Kona ya Kushoto

Mpishi aliiona ile picha ukutani, akaacha kusikiliza.

Kinyonga alikuwa amesimama mbele ya chumba cha mikutano, anafanya mazoezi ya hotuba yake kwa mara ya mwisho. Baada ya chakula cha mchana angeitoa mbele ya Mgeni, mkurugenzi wa taasisi kubwa ya utafiti ng'ambo. Mgeni akiridhika, Kinyonga angepewa maabara yake mwenyewe huko, kazi ambayo watafiti wa umri wake huiota tu. Asiporidhika, nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine aliyekuwa akiingoja kwa hamu ile ile. Mpishi alikaa peke yake kwenye viti vya wasikilizaji, akitabasamu kwa kujikaza kisabuni, maana mwanamume wake huyo akifaulu angekwenda ng'ambo na kumwacha.

"Hapa mnaiona sampuli ikiwa ndani ya mashine ya kupinda," Kinyonga alisema kwa ile sauti yake ya kihotuba. "Tumeipinda na kuinyoosha mpaka sisi wenyewe tukachoka, na kumbukumbu haikupotea. Mpishi, hapo ninyamaze kidogo wapige makofi, au niendelee?"

Mpishi alikuwa ameikazia macho kona ya picha.

"Mpishi? Umelala macho wazi?"

"Ikuze hiyo picha. Kona ya juu."

Akaikuza. Kipande cha plastiki kilijaa ukutani, chembamba, kinachopitisha mwanga, kona yake ya juu kulia imekatwa kidogo kwa mkasi. Plastiki yenyewe ilikuwa na umanjano hafifu, na ule umanjano Mpishi aliujua.

Hayo majina walipewa na wenzao wa maabara, wakayazoea mpaka wakayasahau ya kwenye vyeti. Yeye aliitwa Mpishi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupika oksidi: anaifukiza ndani ya chemba isiyo na hewa mpaka itue juu ya plastiki kama utando usioonekana kwa macho. Mwanamume aliitwa Kinyonga kwa mwendo wake anapobeba sampuli, mguu mmoja unaomba ruhusa kabla wa pili haujaondoka. Mmoja alipika, mwenzake akapinda na kupima, na kutokana na kazi hiyo walipata memrista, kifaa kidogo mno ambacho umeme ukishapita ndani yake kinabaki kinakumbuka kwamba ulipita. Walitaka siku moja kibandikwe kifuani kwa mgonjwa, kiyakumbuke mapigo ya moyo wake. Shida ni kwamba oksidi ni jamaa ya kigae. Ukiipinda ikiwa upande wa ndani, inabanwa na kuvumilia. Ukiipinda ikiwa upande wa nje, inavutwa, na hapo ndipo hupasuka. Na kiraka cha kifuani hupindwa utando ukiwa nje.

"Plastiki hiyo ya manjano ni ya roli mpya," Mpishi alisema.

"Ndiyo. Matokeo yote mazuri ni ya roli mpya, kwani hujui?"

"Ile ya roli mpya nilikata kona ya kushoto."

Kinyonga alicheka. "Acha utani wako leo, presha yangu iko juu. Alama yetu ni kona ya kulia. Kona ikiwa kulia, utando uko juu. Ukiniamsha usingizini nitakuambia hivyo."

"Roli mpya ilikuja na upande laini umegeuka, nikahamisha alama. Kona ikiwa kushoto ndipo utando unakuwa juu." Alinyoosha kidole ukutani. "Wewe umeziweka zote kinyume. Ulikuwa unazipinda utando ukiwa ndani."

Kicheko kilikufa. Kinyonga aliigeukia picha, akaitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake uliovunjwa.

"Ningeona kwenye vipimo," alisema taratibu.

"Usingeona. Vibanio vya mashine vinauma pande zote mbili, umeme unapita vile vile."

"Uliniambia lini kuhusu hiyo kona?"

"Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Unaijua wiki ile. Hatukuwa tunaongea."

Aliijua. Mambo ya namna hiyo Mpishi hakuwahi kuyaandika, kwa sababu hakuwahi kuhitaji kuyaandika. Kila trei aliipeleka mwenyewe kwenye meza ya Kinyonga, akakaa pembeni yake, wakaambiana kila kitu, na kwa kweli hapo ndipo penzi lenyewe lilipoanzia. Lakini wiki ile alikuwa amenuna. Alingoja mpaka Kinyonga atoke, akaitua trei mezani, akarudi kwenye chemba yake bila kuacha hata salamu. Walipopatana walikuwa na haraka ya kukumbatiana, na nani angezungumzia kona za plastiki saa kama ile?

"Na umeligundua leo," Kinyonga alisema.

"Nimeligundua sasa hivi, mbele ya macho yako."

"Leo. Siku zote zile picha iko kwenye kompyuta yetu, unaigundua leo."

"Sema unalotaka kusema."

"Sisemi kitu. Nauliza tu. Unataka niende, au hutaki?"

Mpishi alisimama. "Sitaki uende. Nimewahi kukuficha hilo? Sitaki, na ungeniuliza jana, juzi, mwezi uliopita, ningekuambia sitaki. Ndiyo maana unafikiri nimetunga uongo wa kona?"

"Nafikiri una bahati ya ajabu, basi."

Neno hilo lilimchoma. Alimtazama yule mwanamume aliyempenda, shati jipya, kola imekaa vizuri, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitaka kumpiga kibao, na papo hapo alitaka kumnyooshea kola, ijapokuwa haikuwa na kosa.

"Kipo kipande kimoja cha roli mpya kimebaki," alisema. "Twende ukakipinde mwenyewe, mimi sigusi. Halafu urudie hilo neno la bahati."

Chumba cha vipimo kilikuwa kitupu, wenzao wote wameteremka kupanga viti vya ukumbi. Kinyonga alivaa glavu, akakishika kile kipande kwa kibano. Alijaribu mara mbili kukiingiza kwenye vibanio, akakosa. Mpishi hakuwahi kumwona akikosa. Alisahau kwamba ameapa kutogusa, akamshika kifundo cha mkono, na kwa muda mfupi wakabaki hivyo, mabega yamegusana, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake.

"Kona kushoto," Kinyonga alinong'ona.

"Kona kushoto."

Mashine ilianza kazi yake, inapinda, inanyoosha, inapinda. Kwenye skrini mstari wa kijani ulitulia mahali pake, na maana yake ilikuwa kumbukumbu ipo. Kinyonga aliusogelea mstari ule mpaka pumzi zake zikaacha ukungu kwenye kioo.

"Shikilia," aliuambia. "Shikilia, mama, shikilia."

Hapo ndipo Mpishi alipojigundua, na aliyoyagundua hayakumpendeza. Utando ule aliupika yeye. Ulikuwa kazi ya ujana wake wote, kazi aliyokuwa akiifanya hata mwaka ule ndoa yake ya kwanza ilipovunjika na watu wakamwambia alale kitandani alie. Angepaswa kuuombea mema kuliko mtu yeyote. Badala yake moyo ulikuwa unamwambia, pasuka. Pasuka, asiende.

Mstari ukaanguka chini, ukabaki huko.

Kinyonga alikitoa kile kipande, akakiweka chini ya hadubini, akainama. Aliinama muda mrefu.

"Umepasuka?" Mpishi aliuliza.

"Kutoka ukingo mpaka ukingo."

"Pole."

"Usinipe pole." Aliinua kichwa. "Pole yako ya nini? Uso wako umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo."

Angeweza kukana. Alimtazama, akaona hawezi.

"Niliomba upasuke," alisema.

"Ulifanya nini?"

"Sasa hivi, mashine inazunguka. Sikupanga, iliniruka tu moyoni. Niliomba upasuke ili ubaki. Kona sikuidanganya, naapa, lakini hilo niliomba. Ni bora ulisikie kutoka kwangu."

Kinyonga alivua glavu moja, akaishika mkononi asijue pa kuiweka.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza baadaye.

"Kuhusu ombi langu?"

"Kuhusu kona!"

"Mimi na wewe."

"Basi nisikilize, mpenzi." Alimshika mabega yote mawili, na sauti ikawa ya kubembeleza, ile ambayo Mpishi huwa hana dawa yake. "Leo nihutubie kama nilivyopanga. Wakishanipa nafasi tunarudia vipimo kwa utulivu, tunaandika masahihisho. Watu wanasahihisha kila siku. Hatuibi. Tunachelewesha tu kusema."

"Na wakibandika kifuani kwa mtu katikati ya huko kuchelewa?"

"Nani anabandika kesho? Hiyo ni kazi ya miaka!"

"Na yule anayeingoja hiyo nafasi, naye atacheleweshewa?"

"Mpishi, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Kweli hakuwahi. Ndiyo maana iliuma. Akataka kujibu, ila mlango ulibishwa mara moja na kufunguliwa hapo hapo, kwa namna ya mtu asiyezoea kungoja ruhusa.

Alikuwa dada yake Kinyonga, mwalimu mkuu, mkubwa wake kwa miaka mingi. Ndiye aliyemlea mama yao alipofariki. Siku hiyo alivaa gauni la heshima na mkoba wa sherehe, na uso wa furaha ambao ulibadilika alipomwona aliyesimama na mdogo wake.

"Shikamoo, dada," Mpishi alisema.

"Marahaba." Ilitoka kavu. "Nakutafuta jengo zima, baba. Profesa wenu anauliza uko wapi. Na wewe binti, hata leo? Hata leo umeshindwa kumwacha apumue? Si tulizungumza mimi na wewe tukayamaliza?"

Kinyonga alimtazama dada yake, kisha Mpishi, kisha dada yake tena.

"Mlizungumza?" aliuliza. "Lini?"

"Ah, mambo ya wanawake tu."

"Lini, dada?"

"Roli mpya ilipokuja," Mpishi alijibu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kujibu.

Dada hakuwa mtu wa kubanwa akarudi nyuma. Aliweka mkoba mezani. "Nilimwambia ukweli, na ningerudia hata sasa. Nilimwambia ameshaolewa akaachika, ana umri wa kukuzidi, na wewe ndiyo kwanza njia yako inafunguka. Nilimwambia kama anakupenda akuache uende ukiwa huru. Nikamwomba asikuambie, na kwa hilo namshukuru, alikaa kimya."

"Alikaa kimya wiki nzima," Kinyonga alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hakuniambia hata kona."

"Kona gani?"

Mpishi alimwona Kinyonga akiijumlisha hesabu yote kichwani: ziara ya dada, kununa kwake, trei iliyoachwa mezani bila neno, picha ukutani. Alitamani mwanamume huyo amrukie kwa hasira, amfokee. Kinyonga alichukua kompyuta yake tu, akapita katikati yao wote wawili, akatoka. Safari hii hakutembea kama kinyonga.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwa mkosi, au kwa ubishi wa viti, Mpishi na dada walijikuta wamekaa bega kwa bega mstari wa nyuma. Mgeni, mwanamke mnyamavu mwenye miwani na kalamu mkononi, alikaa mbele kabisa pembeni ya Profesa, mkuu wa maabara yao.

Kinyonga alihutubia vizuri, na hilo ndilo lililokuwa la kutisha. Alichekesha watu mahali alipopanga kuchekesha. Alieleza memrista mpaka dada, ambaye alizoea kuiita "ile betri yako", akatikisa kichwa kwa kuelewa. Picha ya mashine ikaja. Kinyonga akatulia. Macho yake yaliruka vichwa vyote vya ukumbi yakatua kwa Mpishi, na Mpishi akayapokea, hakuyakwepa. Alimwambia kwa macho tu kila alichojua kusema: sema, nakupenda, sema.

Kinyonga akabonyeza. Picha ikapita.

Mpishi alimsikia akiendelea na matumaini ya baadaye, na kiraka cha kifuani, na shukrani kwa wenzake, na jina la Mpishi lilitajwa la kwanza. Makofi yalianza mbele na kuja nyuma. Mgeni alikuwa anatabasamu. Dada alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kidole asiharibu wanja.

Mpishi akasimama.

Hakuwa ameamua atasema nini. Alijua tu kwamba akibaki kitini ataendelea kumpenda mtu huyu huku akimchunguza, na maisha ya kuchunguzana alishayaishi. Makofi yalipungua. Dada alimshika gauni kwa chini.

"Kaa," alinong'ona. "Binti, nakuomba kwa jina la mama yetu, kaa chini."

"Ndiyo, Mpishi!" Profesa alisema kwa uchangamfu. "Swali kutoka jikoni!"

Watu walicheka. Mpishi alifungua mdomo aseme.

"Hana swali," Kinyonga alisema.

Alisema hivyo kwa utulivu. Akarudisha picha, moja, nyingine, mpaka ile ya mashine ikarudi ukutani, akaikuza kona ya juu.

"Kaa tu, Mpishi. Hili ni la kwangu kusema." Akamgeukia Mgeni. "Kipande hiki kimewekwa kinyume. Vyote vimewekwa kinyume. Nilivipinda utando ukiwa ndani, kwa hiyo matokeo niliyowaonyesha si ya kifaa kitakachovaliwa. Leo asubuhi tumekipinda kimoja inavyotakiwa. Kimepasuka, na kumbukumbu imepotea."

Profesa alifunika uso kwa kiganja. Mgeni aliuliza swali moja tu, kwa upole.

"Ulijua kabla ya kuanza kuhutubia?"

"Nilijua."

Mgeni alifunga kalamu yake. Alimshukuru, akamwambia Profesa kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia kwamba atampigia simu yule mwombaji mwingine, kisha akainuka. Watu walitoka kwa minong'ono kama wanaotoka msibani. Dada alibaki ameshika mkoba kifuani, midomo imefungwa, kisha akatoka naye asimtazame mtu.

Mpishi alimkuta Kinyonga kwenye korido, ameegemea ukuta karibu na dirisha, amefungua kifungo cha juu cha shati. Alisimama mbele yake. Alikuwa na maneno mengi ya faraja, na aliyaona yote hayafai mpaka ajue jambo moja.

"Kama nisingesimama," aliuliza, "ungesema?"

Kinyonga alifikiri. Mpishi alimwona akifikiri kweli, uso umekunjamana, anatafuta. Jibu tamu lilikuwa hapo hapo karibu, na angeliokota lingemfaa sana. Hakuna ambaye angeweza kumpinga. Mume wake wa kwanza hakuwahi kukosa jibu tamu hata siku moja.

"Sijui," Kinyonga alisema. Macho yalimjaa maji. "Nimejiuliza tangu nishuke pale mbele. Ningependa kukuambia ndiyo. Sijui, Mpishi."

Mwisho wa korido dada alikuwa amegeuka anawatazama, anangoja mdogo wake amfuate. Kinyonga alimwona. Alijifuta macho kwa mkono wa shati, akaanza kujiondoa ukutani, akiamini mambo yamekwisha.

Mpishi akamnyooshea mkono, mbele ya dada.

Kinyonga aliutazama ule mkono kwanza, asiamini kwamba ananyooshewa yeye. Kisha akaushika.